Kisheria Pwani yaweza kujitenga na Kenya? Nauliza kwa sababu ya shamba la hawe

Mjukuu wa Hawe, Kilifi

Salamu wakubwa zangu. Nina swali na naomba wanaojua wanijibu, matusi tuyaache.

Hawe yangu, yaani nyanya yangu, ana miaka themanini na kitu. Anaishi karibu na Mtwapa, upande wa juu wa barabara, hapo hapo alipoolewa na hapo hapo babu alipozikwa. Kuna minazi kumi na minne aliyoipanda babu. Wiki jana alikuja kijana mmoja na gari jeupe, akashusha wapimaji, wakachimbia mawe ya mpaka. Jiwe moja limeingia katikati ya jiko la hawe na kisima. Akatoa nakala ya hati yenye jina la mtu ambaye tangu nizaliwe sijamwona akikanyaga pale. Akamwambia hawe minazi atalipwa, lakini ardhi si yake.

Hawe hakujibu. Aliingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika kando ya kaburi la babu, akaketi mpaka magharibi.

Tangu siku hiyo maneno ya "Pwani si Kenya" yananirudia. Nilikuwa kidato cha pili mwaka 2012 viongozi wa MRC (Mombasa Republican Council, kundi linalodai Pwani ijitenge) walipokamatwa Kombani, Kwale, na nyumbani tuliambiwa tusiyataje maneno hayo hata kwa mzaha. Sasa nayataja. Je, sheria yaturuhusu kujitenga? Ni kweli mkataba wa Sultani wa Unguja na Kenya juu ya Pwani ulikuwa wa miaka 50 na uliisha 2013? Na tukijitenga, hawe atapata hati?

Mwalimu Mstaafu, Majengo

Mwanangu, pole sana. Mpe hawe salamu zangu, mwambie kuna mzee Mombasa amesoma habari yake na hakulala vizuri.

Nianze na mkataba, maana huo umewapoteza vijana wengi. Nimeusoma. Mwaka 1895 Waingereza walipewa na Sultani wa Unguja kuutawala ukanda wa maili kumi, kuanzia Vanga mpaka Kipini pamoja na visiwa vya Lamu, nao wakawa wanamlipa kila mwaka. Ndiyo maana mwaka 1920 bara ilipofanywa koloni, sisi tulibaki kuitwa himaya, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea Ngomeni (Fort Jesus) mpaka nikiwa na miaka kumi na mbili. Kisha, tarehe 5 Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua, na tarehe 8 mkataba ukatiwa saini London. Unasema ukanda huu unatoka kwenye milki ya Sultani na kuwa sehemu ya Kenya. Hakuna miaka 50 ndani yake, wala miaka 99. Miezi mitatu baadaye Sultani mwenyewe alipinduliwa Unguja, kwa hiyo hata angekuwepo wa kurudishiwa, kiti chake hakipo.

Lakini soma zile barua zimeahidi nini. Uhuru wa dini, mahakama za Kadhi, na hili la tatu ndilo linalokuhusu wewe: hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitaheshimiwa.

Hati gani hizo? Mwaka 1908 serikali ya Mwingereza ilitoa sheria kwamba kila anayedai ardhi Pwani aende mbele ya msajili na ushahidi wake. Waliokwenda ni waliojua kusoma, waliokuwa na karatasi, waliokuwa karibu na ofisi. Mgiriama aliyekuwa akilima kwa mila ya ukoo wake hakuwa na karatasi. Ambayo haikudaiwa na mtu ikawa ardhi ya Serikali ya Uingereza. Hivyo babu yake babu yako alilala mwenye shamba akaamka skwota, mkaazi asiye na hati, na hakuna hata mtu aliyekuja kumwambia.

Sasa niangalie machoni, mwanangu. Anayesema Pwani si Kenya anajenga hoja yake juu ya nini? Juu ya kwamba ardhi hii ilikuwa ya Sultani. Na ardhi kuwa ya Sultani ndiko kulikomfanya hawe yako kuwa mgeni kwenye kaburi la mumewe. Kumbuka pia Wamijikenda wengi (Wagiriama wakiwemo) wakati ule hawakuwa upande wa Mwambao, zile harakati za kutaka ukanda huu ujitenge. Walimfuata Ronald Ngala na chama chake cha KADU, wakitaka majimbo. Mwambao kilikuwa kilio cha sisi wa mjini zaidi, Waarabu na Waswahili. Marehemu baba yangu alikuwa Mwambao mpaka kufa, kwa hiyo sisemi haya kwa kumchukia mtu.

Kisheria njia ipo, ila ni nyembamba. Ibara ya 255 ya Katiba ya 2010 inasema kubadilisha eneo la Kenya kunahitaji kura ya maoni ya nchi nzima, wapige kura angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti zote, kisha wengi wakubali. Maana yake mtu wa Nyeri na wa Kisumu wapige kura kutuacha tuende na bandari. Kuuliza jambo hili kwa amani, hata hivyo, si jinai. Mahakama Kuu hapa Mombasa iliondoa marufuku ya MRC Julai 2012, na mtu asikutishe kwa kuuliza.

Mimi mwenyewe nakaa nyumba ya vyumba sita. Ukuta wangu, mabati yangu, ardhi ya mtu mwingine. Kila mwezi nalipa kodi ya ardhi, na risiti za tangu baba zimejaa mkoba mzima. Kwa hiyo naongea nikiwa ndani ya jambo hili.

Dereva wa Juba

Mwalimu amemaliza ya sheria. Mimi nina moja tu la barabarani.

Naendesha trela, Mombasa mpaka Juba, napitia Malaba halafu Nimule. Nilikuwa Juba Julai 2011 Sudan Kusini ilipopata uhuru. Walikuwa wamepiga kura Januari, karibu asilimia 99 wamesema tuondoke. Sijawahi kuona watu wazima wakilia kwa furaha namna ile. Mzee mmoja aliishika mikono yangu, mimi dereva tu wa unga, akaniambia karibu kwenye nchi yangu. Desemba 2013 wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Safari iliyofuata, sokoni nilikozoea kula hapakuwa na mtu.

Simaanishi sisi ni wao. Ila Pwani ikiwa nchi, mpaka utakuwa wapi? Nadhani pale mizani ya Mariakani. Mizigo ya Kampala, Kigali na Juba itavuka mpaka mmoja zaidi, na mwenye mzigo Kampala akichoka ataelekea Dar es Salaam. Tuliiona mizigo ilipolazimishwa kupanda reli ya SGR hadi Nairobi: Miritini na Changamwe gereji zilifungwa, mama wa chai akafunga, vijana wa turuboi, wasaidizi wetu madereva, wakarudi nyumbani. Hapo bandari ilikuwa bado yetu na barabara ni moja.

Mdawida, Wundanyi

Naomba mniambie, ninyi mkisema Pwani, sisi Taita mnatuweka wapi? Kwenye hesabu ya kaunti sita tumo. Kwenye maili kumi za Sultani hatumo. Kwetu ugomvi si wa hati ya 1908. Zaidi ya nusu ya kaunti ni mbuga ya Tsavo, ndovu wanashuka usiku wanamaliza mahindi, na chini kule ni mashamba makubwa ya mkonge. Mama yangu alikesha akipiga debe kuwafukuza ndovu, na asubuhi alikuwa na heka nzima imelala chini. Sitaki kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla sijaulizwa.

Mjukuu, hata hivyo, nimeumia kwa ule mkeka.

Mjukuu wa Hawe, Kilifi

Asanteni. Mwalimu, umenivunja moyo na umenifumbua macho. Sikuwahi kufikiri kwamba hati anayoishika yule kijana na ile hoja ya MRC zina mzizi mmoja. Sasa nifanye nini? Amesema atarudi mwisho wa mwezi.

Mwalimu Mstaafu, Majengo

Usiyang'oe mawe. Wataligeuza kuwa kesi ya jinai, na hapo umewapa njia.

Piga picha za kaburi, minazi na kisima. Tafuta wazee watatu wanaokumbuka babu yako alipanda lini. Sheria ya Kenya inasema mtu akiikalia ardhi yenye hati ya mwingine kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi akaomba asajiliwe yeye. Lakini kuna sharti: kama familia yenu iliwahi kumlipa mwenye hati kodi au kumwomba ruhusa ya kukaa, mlango huo unaweza kufungwa. Kwa hiyo kaa na hawe polepole, umuulize. Asikie swali vizuri kabla hajajibu. Ukipata jibu, nenda kwa wakili mapema, usingoje mwisho wa mwezi.

Mjukuu wa Hawe, Kilifi

Nimemuuliza jioni hii, Mwalimu. Nilimrudia swali mara mbili.

Anasema hawajalipa hata senti, wala hawakuomba ruhusa kwa mtu, kwa sababu hawakujua kuna wa kuombwa. Anakumbuka mtu mmoja tu, mwaka wa mvua za El Niño, aliyesimamisha gari barabarani akaja akitazama tazama huku na huku. Hakujieleza. Babu alidhani amepotea. Akampandia mnazi, akamwangulia madafu mawili, akamkalisha kivulini, na alipomaliza kunywa akamwonyesha njia ya kutokea.