Mshtakiwa yuko nje kwa dhamana, tufanyeje asimsogelee mdogo wangu?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Tupo Ngamiani, Tanga. Mdogo wangu, miaka 24, alibakwa. PF3 (fomu ya polisi ya kupimwa hospitali) ilijazwa, Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi walichukua maelezo, kesi ipo mahakamani.

Mshtakiwa kapewa dhamana. Sasa kila jioni anakuja kukaa kwenye baraza mkabala na mlango wetu. Hasemi neno, anatazama tu. Binti hata dukani hatoki tena. Mama anataka tumpeleke Pangani kwa shangazi, lakini roho yangu inakataa. Kwa nini akimbie yeye?

Najua mahakama inaweza kuweka masharti kwenye dhamana. Je, tumwombe mwendesha mashtaka apeleke ombi akatazwe kumkaribia, au tuanze kuripoti polisi? Wakili hatumuwezi. Aliyewahi kupata msaada wa kisheria bure anielekeze, tafadhali.