Eti "hakuna kabila linaloitwa Machinga"! Huyu mchambua maneno sasa ametufikisha pabaya

Mkereketwa_Kusini:
Wakuu, naandika simu ikiwa ya moto mkononi kama chuma cha mhunzi. Mnamjua. Simtaji, maana mwenye simu na macho mawili anamjua: yule wa "neno hili limetoka wapi?", anayepiga makofi mara mbili halafu anadanganya taifa zima kwa dakika moja na nusu.

Leo kasema machinga, yaani mchuuzi wa mtaani, limetokana na "marching guys", vijana wanaopiga gwaride. Sawa, uongo huo una mvi, tumeshauzoea. Lakini mtu mmoja akamuuliza kwa adabu zote, shikamoo ikiwa mbele: na Wamachinga wa Lindi je? Akacheka. Akacheka, wakuu! Akajibu: "Hakuna kabila linaloitwa Machinga."

HAKUNA KABILA! Watu wapo Lindi, kaskazini ya mji kuelekea Kilwa, wana Kimachinga chao, wanapakana na Wamwera na Wamakonde, wanaoana na kuzikana, halafu mtu mmoja anawafuta wote kabla chai yake haijapoa. Hata mkoloni aliwahesabu kwanza ndipo akawatoza kodi!

Tena sauti peke yake inamuumbua. Kiswahili kikipokea neno la Kiingereza lenye -ing mwishoni kinaliwekea i: "shilling" ikawa shilingi, "parking" ikawa pakingi. "Marching" ingekuwa machingi. Hiyo a kaiokota wapi? Na "guys" kaimeza? Kwa hesabu zake Kariakoo yote ingejaa wamachingigai.

Vijana wa kusini walikuja Dar es Salaam kuuza vitu vya mkononi, jina la watu wao likawapata, kisha likawapata wachuuzi wote hata wa Mwanza. Basi. Hakuna gwaride hapo. Lakini yeye: "Hakuna kabila." Nashindwa hata kumeza mate.

Mwika_Juu:
Nakazia. Mbona mangi tunaelewa? Mangi ni mtawala kwa Wachaga. Wachaga wakafungua maduka kila mtaa, leo ukimtuma mtoto sukari unamwambia nenda kwa mangi, hata mwenye duka akiwa Msukuma. Njia ni ile ile: jina la watu au cheo chao linageuka jina la kazi. Mwacheni tu, kesho atasema mangi ni "money guy".

Sauti_na_Silabi:
Mleta uzi yuko sawa, ila apangiliwe hoja. Neno la mtaani linapimwa hivi. Kwanza, je, lilikuwepo kabla ya maana hii mpya? Machinga lipo kama jina la watu, na Malawi kuna wilaya ya Machinga, na Wayao wana kundi lao la Amachinga. Huko nako waliandamana? Pili, sauti zinafuata kanuni za ukopaji au zinarukaruka? Tatu, ngeli. Tunasema Wamachinga kama Wamakonde, kazi yao umachinga. Nne, na hapa ndipo wengi wanaanguka: hadithi ikiwa tamu mno, yenye vifupisho na wazungu wawili wakiongea barabarani, itilie shaka. Kifupisho cha kweli kinaacha nyayo kwenye maandishi. UKIMWI ni upungufu wa kinga mwilini, kiliundwa hivyo na kikaandikwa hivyo. Hivi vingine vinashonwa baada ya neno kuzoeleka.

Dogo_Mbagala:
Povu la mleta uzi linatosha kufua belo zima la mitumba, kilo 45, na maji ya kusuuza yakabaki 😂

Mkereketwa_Kusini:
Cheka tu. Ingekuwa kabila lako usingecheka. "Hakuna kabila." Nairudia ili iwakae.

Mama_Belo:
Dogo umenigusa pabaya. Kuna anayesambaza kwamba mitumba ni kwa sababu nguo zilikuja na mitumbwi! Mtumba ni mzigo uliofungwa, furushi la kubebwa, neno la tangu enzi za misafara ya wapagazi. Nguo kuukuu zinakuja zimebanwa kwa mashine na kufungwa kwa kamba za plastiki, huo ndio mtumba wenyewe. Neno limehama kutoka kwenye kifungashio kwenda kwenye kilichomo. Mtumbwi unahusika nini na koti la baridi?

Mwana_Eastlands:
Afadhali nyinyi. Huku Nairobi tuna wetu anayesema matatu ni kwa sababu gari za kwanza zilikuwa na magurudumu matatu. Magurudumu matatu, watu ishirini juu, itapinda kona gani bila kulala? Nauli ilikuwa senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi kumi. Kwa Kikuyu ni mang'otore matatu. Makanga anaita bei, bei inakuwa jina la gari. Ilikuwa inaitwa hivyo hata kabla Kenyatta hajaziruhusu 1973 kubeba watu bila leseni ya usafiri wa umma.

Konda_Mstaafu:
Sawasawa na daladala. Dala ilikuwa sarafu ya shilingi 5, na ndiyo iliyokuwa nauli ya magari binafsi wakati mabasi ya UDA hayatoshi. Konda anaita "dala! dala!" abiria wanarukia. Jina lilitangulia ruhusa, magari yalikuwa yanakimbizana na trafiki mpaka serikali ilipoyaruhusu 1983. Msikubali mtu awaambie nauli ililipwa kwa dola za Kimarekani. Nani alikuwa na dola wakati sukari ni ya foleni?

Mpakani_Busia:
Na bodaboda mmeiacha? Kuna vijana wanafundishana eti ni mlio wa injini. Mlio! Jina lilianza kwenye baiskeli, na baiskeli haina injini. Mpaka wa Kenya na Uganda, kutoka kituo kimoja kwenda kingine kuna mwendo, una mzigo, wanakuita "boda! boda!" wakutoe mpaka huu mpaka ule. Pikipiki zimekuja baadaye zikalikuta jina liko tayari limevaa viatu.

Mkereketwa_Kusini:
Asanteni kwa elimu, ila turudi kwenye mada. Daladala na matatu hawajafutwa duniani. Huyu amesema HAKUNA KABILA. Ameambiwa kuna watu, akacheka. Kile kicheko kinanisumbua kuliko hata uongo wenyewe.

Nozeli_Garage:
Mimi kinachonisumbua ni "kuchakachua". Mitandao imelifanya liwe neno la kura tu. Limetapakaa 2010 kutoka kwenye mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, watu wakayachanganya kwenye dizeli na kuuza kwa bei ya dizeli. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, kwa hiyo pampu na nozeli zinasagika, gari linakosa nguvu, linawaka kwa shida asubuhi. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wakaleta vinasaba kwenye mafuta, yaani alama ya kugundua mchanganyiko, na bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Maskini mwenye kibatari ndiye aliyelipia. Halafu mtu anakwambia eti neno limeanza kwenye siasa!

Dogo_Mbagala:
Fundi nawe una povu lako. Uzi umekuwa beseni.

Binti_Ngamiani:
Mimi nina swali moja la haraka, msela ni nini? Kaka zangu wanajiita hivyo na hawajui.

Sauti_na_Silabi:
Dada, ni "sailor". Sela alikuwa baharia wa melini, anashuka bandarini na pesa na hana familia karibu. Kiswahili kikamvalisha m- ya mtu, wengi wasela. Angalia sauti: hakuna kilichopotea njiani bila sababu. Ndiyo tofauti na "marching guys".

Bongo_Lala:
Na Bongo ni ukubwa wa ubongo. Ukiondoa u- unapata kitu kikubwa. Dar bila akili kubwa hukai.

Mwalimu_wa_Ngeli:
Si lazima. Bongo ni wingi wa ubongo, kama ukuta na kuta, ubao na mbao. Mji unaodai bongo, yaani akili za watu wengi.

Bongo_Lala:
Mwalimu, tunasema "Bongo hii" au "mabongo haya"? Ukubwa una wingi wake, mabongo.

Mwalimu_wa_Ngeli:
"Bongo hii" ni kwa sababu ni jina la mahali, kama "Dar hii". Haithibitishi ukubwa wala wingi. Umejifunga mwenyewe.

Mwana_Eastlands:
Hapo kwa mbao nawaachia. Huku mbao ni shilingi ishirini, soo ni mia, kutoka mia ya Wahindi, ashara ni kumi ya Waarabu. Mia tano ni jirongo, kwa jina la Cyrus Jirongo wa YK'92, kundi la vijana wa KANU, noti za mia tano zilipotembea sana kwenye kampeni za uchaguzi wa 1992. Na jero yenu ya mia tano mmeikata kutoka hapo, kubalini.

Sauti_na_Silabi:
Kuanza na j na thamani kuwa moja si ukoo, ndugu yangu. Hapo unafanya kile kile alichofanya yule wa makofi mawili. Leta nyayo.

Mkereketwa_Kusini:
Wamachinga jamani! Mada ni Wamachinga!

Mnyama_Mkubwa:
Kwenye pesa yenye asili safi ni msimbazi peke yake. Elfu kumi, noti nyekundu, Wekundu wa Msimbazi, yaani Simba. Haihitaji mtaalamu.

Jangwani_Daima:
Wengine hatuiiti hivyo na hatutaiita. Ni elfu kumi. Rangi ilichaguliwa na benki kuu, haikuchaguliwa na klabu ya mtaa wowote.

Mnyama_Mkubwa:
Ukipewa chenji ya msimbazi utakataa?

Jangwani_Daima:
Nitaomba buku kumi, elfu moja moja.