Tupeane uzoefu: kukata mabawa na kucha za kuku wa nyumbani

Wakuu, habari za mapambano. Nafuga kienyeji uani, Mbagala, ukuta wa matofali unafika kifuani. Kila asubuhi mitetea wanauruka na kushukia kwenye mchicha wa jirani, na huo mchicha ndio unaomsomeshea watoto. Nimeamua kukata mabawa. Mliokwisha fanya, ni bawa moja au yote mawili? Na kucha za jogoo je? Anapowapanda mitetea, migongo yao imeanza kuchubuka.

Mama Vifaranga
Moja tu, mkuu. Ukikata yote mawili anabaki na usawa wake, na kienyeji mwepesi bado atajirusha hadi juu ya ukuta. Ukikata moja, akitaka kupaa anayumba upande mmoja, mwishowe anaacha. Mimi huwakamata wakishapanda kulala, hawana fujo. Kunjua bawa uone yale manyoya marefu ya nchani, kama kumi hivi. Hayo ndiyo ya kukata, ukifuata mstari wa manyoya mafupi yanayoyafunika. Tumia mkasi mkali. Unyoya uliokomaa haumuumi, ni sawa na wewe kukata kucha.

Fundi Banda
Dada kasema vema, ila hapo kwenye "uliokomaa" pana hatari. Mulika tochi mrija wa unyoya kwa ndani ya bawa. Ukiwa mweupe, kata. Ukiwa na weusiweusi, una damu, bado unakua, uache. Ukiukata utavuja, na kuku wenzake wakiona wekundu watamdonoa bila huruma. Kaa na unga wa ngano karibu, ubane palipovuja.

Wa Kilifi
Mimi nawahurumia kuku wanaoshinda nje. Huku kwetu mbwa wanazurura, na kuku asiyeweza kurukia mwembe hana pa kukimbilia. Nimewaachia mabawa, nikaongeza wavu juu ya ua. Gharama ipo, lakini nalala vizuri.

Babu Jogoo
Kijana, kuhusu jogoo: kata ncha ya ukucha tu, kwa sababu ndani mna mshipa wa damu. Kwenye ukucha mweupe utauona, kwenye mweusi punguza kidogo kidogo. Vile vipi, yaani ile miiba ya nyuma ya miguu, usivikate chini, ndani mna mfupa. Sugua ncha kwa tupa hadi iwe butu. Na kama umemfungia kwenye maranda siku nzima, kucha zitarefuka tena. Mtoe akachakure ardhi ngumu, atazisaga mwenyewe. Mitetea waliochubuka watenge naye mpaka migongo ipone.

Mama Vifaranga
Mleta mada, nimesahau: wakipukutisha manyoya yanaota mapya, utakata tena, ila subiri yakomae. Na fito za kulalia zishushe, maana aliyekatwa bawa anatua kwa kishindo na nyayo zinaumia. Zangu ziko usawa wa goti.