Kabaila wangu muasi: mtetezi wa haki au mlipa kisasi?

Wakuu, naomba ushauri. Naandika hadithi ya kabaila wa Uingereza anayeongoza chama cha siri dhidi ya mfalme. Nimemchonga kwa mfano wa Robert FitzWalter: mwaka 1212 njama dhidi ya Mfalme John ilifichuka, akakimbilia Ufaransa, ngome yake London ikabomolewa. Mwaka 1215 akajiita jemadari wa Jeshi la Mungu na Kanisa Takatifu (jina hilo, jamani!), London ikawafungulia waasi milango, John akabanwa hadi Runnymede, uwanja kando ya mto Thames alikokubali hati ya Magna Carta ya kuwekea mfalme mipaka.

Ninapokwama ni hapa: jeshi lile lilikuwa peupe. Nikiongeza viapo vya usiku manane, itakubalika? Halafu inasimuliwa FitzWalter alidai mfalme alimtamani binti yake FitzWalter. Nianze na hilo, au nilifiche hadi mwishoni?