Mchanga na unga wa wimbi kwenye bati moja, mbona haviendi pamoja?

Fundi wa wufa, Kondele
Natengeneza spika za matatu hapa Kisumu. Nikishafunga koili mpya, naipima wufa (spika ya sauti nzito) kwa toni za simu. Juzi kijana wangu wa kidato cha tatu alikaza kipande cha bati kwa skrubu moja katikati, akakiunganisha na koni ya wufa, akamwagia mchanga mkavu wa ziwani. Toni ikipanda, mchanga unajipanga mistari, msalaba, mara duara. Mteja aliuliza kama ni uganga! Sasa nilipomwaga unga wa wimbi, ule wa uji uliochekechwa sana, ukaikwepa ile mistari ukarundikana vichuguu katikati ya nafasi tupu. Bati lile lile, sauti ile ile. Kijana anasema hii ni simatiki, yaani maumbo yanayochorwa na sauti, na inaponya magonjwa. Hilo la kuponya limenishinda. Nielezeni unga tu.

Mwalimu wa fizikia, Nakuru
Fundi, mistari ni pale bati halitikisiki. Mchanga unarushwarushwa mpaka uangukie hapo, basi unatulia. Ernst Chladni, Mjerumani, alichora maumbo hayo mwaka 1787 akisugua ukingo wa sahani kwa upinde wa fidla. Unga mwepesi mno hauamuliwi na bati, unabebwa na hewa: bati likitetema huzungusha vijipepo juu yake, navyo huusukuma kuelekea panapotikisika zaidi. Michael Faraday alilithibitisha hilo mwaka 1831. Alipunguza hewa ndani ya chombo cha kioo chenye umbo la kengele, vumbi lake likaenda kwenye mistari kama mchanga.

Muuguzi mstaafu, Kakamega
Jina simatiki lilitolewa na Hans Jenny wa Uswisi miaka ya 1960, kutoka Kigiriki kyma, yaani wimbi (la maji, si la uji). Sisi wa hospitali tunajua zaidi ndugu wa jina hilo, kimografu, kifaa cha Carl Ludwig cha 1847: silinda yenye karatasi ya masizi inazunguka, kalamu inachora msukumo wa damu ukipanda na kushuka. Ilipima, haikutibu mtu. Mwambie kijana apendezwe na maumbo, dawa aachie zahanati.

Fundi wa wufa, Kondele
Asanteni. Jirani yangu fundi wa friji ana pampu ya kunyonya hewa. Mwalimu, sufuria nene yenye kifuniko cha kioo itastahimili?

Mwalimu wa fizikia, Nakuru
Kioo cha jikoni usithubutu, kitapasukia ndani. Tafuta plastiki ngumu ya kuonea ndani, unene wa kidole, na mvae miwani nyote wawili.