Chama chetu cha mawakili mkoani kiko hai kwenye rambirambi na bonanza tu, nje ya mahakama vishoka (wasio mawakili wanaofanya kazi za mawakili) wanawamaliza wananchi

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa nimekereka, kwa hiyo atakayeona lugha kali anivumilie. Mimi ni wakili, nafanya kazi huku Nyanda za Juu Kusini, na kesi zinanizungusha Mbeya, Tukuyu, Makambako mpaka Iringa. Mkoa wa tawi langu siutaji, wahusika wanajijua.

Juzi kaja ofisini mama mmoja, mkulima wa viazi kutoka Isyonje, na bahasha ya kaki. Ndani kuna mkataba wa mauziano ya kiwanja alichonunua, maeneo ya Uyole. Nikausoma. Ukurasa wa kwanza muuzaji ni mwanamume, ukurasa wa pili huyohuyo muuzaji "amekubali kwa ridhaa yake na ya mumewe". Yaani aliyechapa hakujisumbua hata kufuta habari za mteja wa jana! Mipaka sasa: mashariki kinapakana na jirani, magharibi kinapakana na jirani. Jirani gani? Hana jina. Penye "Imeandaliwa na" ni peupe. Nyuma kimebanwa kiapo cha muuzaji kwamba kiwanja ni mali yake halali, chini muhuri wa wakili ambaye ni kamishna wa viapo, yaani mtu ambaye kiapo huapwa mbele yake, wino umekolea vizuri kabisa. Tarehe ya kuapa: nukta nukta. Mahali pa kuapa: nukta nukta.

Nikamuuliza, "Mama, huyu wakili mliapa mbele yake?"

"Hapana mwanangu, sikumwona. Yule kijana wa steshenari alituambia tukae kwenye benchi, akaondoka na karatasi, akarudi zimeshagongwa."

Sasa kiwanja hichohicho kina mnunuzi wa pili, naye ana mkataba wake. Nakala yake nimeipata. Muhuri ni uleule, wa wakili yuleyule.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inataka kamishna aandike jina lake, na aeleze kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, kifungu cha 44, inataka aliyeandaa hati aweke jina na anwani yake. Na asiye wakili kuandaa hati za namna hii kwa malipo ni kosa la jinai. Haya tumefundishwa wote, tukayafanyia mitihani, tukavaa majoho tukapiga picha na wazazi.

Tusidanganyane kuhusu kishoka. Mwenye meza nje ya geti la mahakama, printa yake na mwamvuli wake, peke yake hana nguvu. Karatasi yake bila muhuri ni ya kufungia maandazi. Nguvu anapewa na msomi, yaani wakili mwenzetu, aliyemwachia muhuri kwa hela ya chipsi kuku, na wengine wamegonga na kusaini rimu nzima ya karatasi tupu kabisa, kijana anajaza mwenyewe. Wapo wanaofanya hivyo kwa njaa, ofisi changa, kodi ya pango imefika, nawaelewa ingawa siwatetei. Ila wapo wakongwe, wenye magari mazuri, tunaowaamkia shikamoo kwenye korido za mahakama.

(Kabla hamjanirukia: siwasemi wasaidizi wa kisheria. Wale wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wengi wanafanya kazi nzuri vijijini tusikotaka kwenda sisi.)

Niliandikia uongozi wa chama chetu barua, nikaambatanisha mikataba yote miwili. Jibu lilikuja kwenye grupu la WhatsApp: "Imepokelewa msomi, tutalifanyia kazi." Chini yake bango la bonanza. Chini yake rambirambi, amina, amina, amina, mpaka ujumbe wangu ukapotelea juu huko. Kufiwa ni kufiwa, na mchango nilitoa. Ila chama cha taaluma hakikuundwa kuwa kikoba. Soma sheria iliyounda TLS (Tanganyika Law Society), chama chetu mama, Sura ya 307: kulinda maadili ya mawakili imo, na kuwalinda na kuwasaidia wananchi katika mambo ya sheria imo pia. Jezi za bonanza sikuziona humo.

Na hela tunatoa! Ada ya chama, ada ya tawi, kuhuisha leseni kila mwaka, semina za pointi ambazo usipohudhuria unasumbuliwa. Chelewa kidogo uone unavyokumbushwa. Kishoka halipi hata senti, na wateja ni wake.

Mtaniambia Kamati ya Mawakili, ile ya nidhamu yetu, ipo, mwenye malalamiko apeleke. Sawa. Mama wa Isyonje ataijulia wapi? Nani atamwandikia malalamiko? Kishoka yuleyule? Tawi ndilo lipo karibu, lingeweza kumshika mkono. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili, mtu anaingiza jina la wakili anaona kama ana leseni hai. Kubandika tangazo moja la Kiswahili getini, "kagua wakili wako hapa", kunahitaji harambee?

Mwaka 2023 kesi ya mkataba wa bandari iliposikilizwa Mahakama Kuu Mbeya, nchi nzima ilitutazama. Mwaka 2024 wakili Boniface Mwabukusi alipochukua urais wa TLS kule Dodoma, huku tulishangilia kama tumeshinda ligi. Mambo makubwa tunayaweza. Muhuri wa mwenzetu wa mtaa wa pili ndio umetushinda?

Nimeomba suala hili liwe ajenda ya mkutano ujao. Nimejibiwa ajenda zimeshafungwa. Basi barua inayofuata naipeleka Kamati ya Mawakili, na nakala nitawatumia viongozi ili wasije kusema hawakuambiwa.

Mlioko Njombe, Songwe na Rukwa, kwenu matawi yanawashughulikiaje wanaokodisha mihuri? Kuna aliyewahi kufikishwa mbele ya Kamati na tawi lenyewe? Nahitaji mifano, si pole.