Swichi ya feni za rejeta imeyeyuka Kitonga: niweke kubwa zaidi?

Mbeba Viazi, Uyole
Ndugu zangu, nina pikapu ya petroli ambayo feni yake ya asili, ile inayozungushwa na injini, ilivunjika mapanga, ndipo fundi akanifungia feni mbili za umeme zilizotoka kwenye gari lililochakaa, akazivutia waya kutoka kwenye betri kupitia swichi ya dashibodi. Hapa Mbeya hazikunisumbua. Wiki iliyopita, nikirudi kutoka Morogoro na shehena ya mbolea, nilinusa plastiki inayoungua nikiwa katikati ya mlima Kitonga, swichi ikayeyuka na maji yakachemka. Fundi anashauri swichi kubwa zaidi, na anataka waya huohuo ulishe pampu mpya ya mafuta. Je, nimkubalie?

Fundi Umeme, Mafinga
Usimkubalie, ndugu. Feni ya wati 120 katika mfumo wa volti 12 huvuta ampea 10, hivyo mbili zinavuta 20, na pale zinapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Mkondo huo ukipita kwenye mguso uliolegea ndani ya swichi, joto hupanda kwa mraba wake, yaani ampea zikiongezeka mara mbili joto huongezeka mara nne. Swichi kubwa itachelewesha tu kuyeyuka, tena bado utakuwa umeuzungusha umeme wote hadi dashibodi na kuurudisha mbele.

Funga rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkondo mkubwa, moja kwa kila feni; pini zake zina namba. Pini ya 30 ipokee umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 15, pini ya 87 iende kwenye feni, pini ya 86 ipate umeme ufunguo unapowashwa, na ya 85 iende arthi, yaani bodi ya gari iliyounganishwa na hasi ya betri, kupitia swichi yako. Koili ya rilei, ile sehemu inayoiwasha, haifikishi hata nusu ampea, kwa hiyo swichi ndogo inatosha kabisa. Fyuzi ikae jirani na betri, kwa sababu inalinda waya, na kipande cha waya kilicho kabla yake hakina mlinzi. Kwa kila feni tumia waya wa milimita za mraba 2.5.

Mzee wa Gereji, Iringa
Naongeza mambo ambayo kijana wangu wa Mafinga ameyaruka. Pale kwenye swichi ya mkono weka swichi ya joto, inayojiwasha rejeta ikikaribia nyuzi 95, maana dereva anayepambana na malori Kitonga hana muda wa kukumbuka feni. Mlimani gari hutambaa, upepo wa mwendo haupo, na feni ndizo zinazobeba kazi yote. Kagua pia mfuniko wa rejeta, ndio unaoshikilia shinikizo la maji: katika mwinuko wa Mbeya, takriban mita 1,700, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo mfuniko uliolegea unaweza kukuchemshia gari hata feni zikiwa nzima.

Kuhusu pampu, ipewe rilei na fyuzi yake, na izimike yenyewe injini inapozimika, kwa kuunganishwa na swichi ya shinikizo la oili. Pampu inayoendelea kumwaga petroli baada ya ajali ni moto unaosubiri cheche. Na kwa maoni yangu, gari la mizigo lingerudishiwa feni yake ya asili.

Mbeba Viazi, Uyole
Shikamoo Mzee, na asante Fundi. Feni ya asili nitaitafuta mavuno yakiuzwa. Rilei zimefungwa, lakini mwanzoni kwenye feni nilipima volti 11.9 wakati betri inasoma 14.1.

Fundi Umeme, Mafinga
Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa arthi wa feni, zikiwa zinazunguka, tuone kama volti zinapotea kwenye arthi.

Mbeba Viazi, Uyole
Ilisoma volti 1.8. Boliti ya arthi ilikuwa imefungwa juu ya rangi. Nimeikwangua, sasa feni zinapata 13.7.